Tita Erlinda Macaraeg: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kufunga Parachuti za Akiba

Jumamosi tarehe 4 Oktoba 2025, ndege ya mwisho ya msimu itakapotua na Wally Kostiuk kuzima injini, Bi. Erlinda Macaraeg atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi mitano akiwa fundi wa parachuti katika klabu yetu. Siku hiyo anastaafu. Kamati iliniomba mimi, Garth Penner, mkufunzi wa warukaji, niandike kurasa mbili za kusomwa kabla ya chakula. Nilikubali haraka, kisha nikakaa juma zima natazama karatasi tupu.

Tita, yaani shangazi kwa lugha ya kwao, ndilo jina tunalomwita wote hapa, hata Wally anayemzidi miaka minne. Alizaliwa Pangasinan, Ufilipino, mwaka 1957, akafika Manitoba mwaka 1978, mwezi wa Februari, akiwa amevaa kandambili. Kazi aliyoitiwa ilikuwa kushona makoti ya baridi katika kiwanda kimoja cha Winnipeg, na mara nyingi ametuambia kwamba hakuna mshonaji aliyewahi kulipenda koti lake la kwanza kama yeye. Alishona makoti miaka kumi na mitano, mpaka kiwanda kikafungwa.

Mei 1994 upepo ulipasua hema letu la kulia chakula. Wally, mwenye kiwanja na rubani wetu, alikuwa akitafuta mtu mwenye cherehani inayoweza kupita turubai nene. Mumewe Erlinda, Rogelio, alimleta garini, cherehani ikiwa kiti cha nyuma imefungwa mkanda kama abiria. Alilishona hema kabla ya saa sita mchana. Kisha akaingia katika banda la ndege kunawa mikono, akaona mikanda ya wanafunzi imetundikwa ukutani, akaigeuza mmoja mmoja. Akamwita Wally akamwonyesha mahali ambapo nyuzi nne zilikuwa zimekatika, penye mshono unaobeba uzito wa mtu mzima. Wally husema hadi leo kwamba alimwajiri kwa sababu ya hofu.

Kwa majira mawili ya baridi alisomea cheti cha ufundi. Kati ya majira hayo aliruka kwa mara ya kwanza, akisema hawezi kumfungia mtu kitu cha kumwokoa bila kujua mtu huyo anapitia nini kule juu. Alitua, akavua kofia ngumu, akaomba kurudi angani kabla supu haijapoa.

Kwa jamaa zake watakaotoka Winnipeg, ambao wengi wao hawajawahi kupanda hata ngazi ya ndege yetu, naomba nieleze kidogo kazi yake. Mrukaji hubeba parachuti mbili katika begi moja mgongoni. Ile kuu huikunja mwenyewe, kila aendapo. Ile ya akiba haigusi. Hiyo hufungwa na fundi mwenye cheti, ambaye huipitia kamba kwa kamba, huifunga kwa pini, hutia uzi mwekundu na lakiri yenye alama yake, kisha huweka sahihi kwenye kadi. Baada ya siku mia moja na themanini lakiri hukatwa na kazi huanza upya, hata kama parachuti ile haijawahi kuona jua. Kuna pia kifaa kidogo cha umeme ndani ya begi, ambacho hufungua akiba chenyewe iwapo mtu anaanguka kwa kasi karibu mno na ardhi. Tita alivipenda vifaa hivyo, lakini aliwakanya wanafunzi wasivitegemee. Alisema vimewekwa kwa ajili ya siku ambayo mtu amezirai, si kwa ajili ya siku ambayo amezubaa.

Na kuna ule ubao. Kila mrukaji ana jina lake hapo. Chaki ya kijani maana yake ameruka karibuni na anaruhusiwa kupanda. Nyekundu maana yake amekaa muda mrefu mno, na lazima kwanza apite mikononi mwa mkufunzi. Huku kwetu theluji hutukalisha nyumbani miezi sita, kwa hiyo kila Aprili ubao wote huwa mwekundu. Tita ndiye aliyeanzisha desturi ya kumtundika kila mtu kwenye boriti za banda, akining'inia katika mikanda, huku tukimpigia kelele za hatari mbalimbali na yeye akionyesha mshipi gani angevuta. Wakongwe walinung'unika sana mwaka wa kwanza. Wally alimwambia kwamba yeye alikuwa anaruka kabla Erlinda hajajua theluji ni nini.

"Theluji imeyeyuka, Wally," Tita akamjibu. "Panda."

Akapanda. Akavuta mshipi usio sahihi. Hakuna aliyenung'unika tena.

Sasa nifike mwaka 2004, sikukuu ya taifa ya Julai. Walikuja warukaji arobaini kutoka majimbo matatu kujaribu kushikana mikono angani wote kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa limefanyika Manitoba. Alhamisi Tita alifunga parachuti sita za akiba. Ijumaa asubuhi, akipanga vifaa vyake, aliona pini tano za muda badala ya sita. Pini hizo ni za chuma, zina utepe mwekundu. Fundi hutumia moja kushikilia kitanzi cha kufungia begi wakati anakunja, kisha huitoa na kutia pini ya kudumu. Ikisahauliwa ndani, parachuti haifunguki hata mtu avute mshipi kwa mikono miwili.

Alitafuta sakafuni, mifukoni, ndani ya cherehani. Wakati huo ndege ilikuwa imejaa na injini inanguruma. Tita alitoka na aproni yake, akaenda akasimama katikati ya njia ya kurukia. Wally alizima injini, akashuka amekunja uso. Alimwambia kwamba kuna watu arobaini wanasubiri, na kwamba redio imesema Jumamosi mvua inaanza.

"Sita kati yao nimewafunga mimi jana," Tita alisema, "na pini moja sijui iko wapi."

"Unadhani imo ndani?"

"Sidhani. Lakini sijui, na hao sita hawajui pia."

Akakata lakiri zake zote sita mbele ya wenyewe. Kufungua na kufunga upya kuliendelea hadi jioni. Pini haikuwemo katika begi hata moja. Jumamosi mvua ikaja kama ilivyoahidiwa, ikakaa siku mbili, na lile jaribio la watu arobaini halikufanyika. Bwana mmoja wa Saskatchewan alimwambia usoni kuwa amemharibia likizo. Tita alikubali kwamba ni kweli, akampakulia tambi zake za pancit. Wengine walisema mambo mabaya zaidi pembeni, na nakiri kwamba mimi, niliyekuwa mgeni katika klabu, nilicheka nao.

Jumatatu tulikuta karatasi imebandikwa mlangoni: "Kosa ni langu. Nilitia lakiri kabla ya kuhesabu vifaa. Kuanzia leo mtu wa pili atahesabu pamoja nami. E. Macaraeg." Karatasi ile ilikaa pale miaka kumi na moja, mpaka panya walipoila. Desturi ya mtu wa pili ipo bado. Pini yenyewe haijaonekana mpaka leo.

Jambo la pili ninalotaka lijulikane halimfurahishi sana Tita, lakini amenipa ruhusa. Mwaka 2001 aliacha kuruka. Goti lilipasuliwa, kisha mama yake akaletwa kutoka Pangasinan akiwa mgonjwa, na Tita akamuuguza kwa miaka mingi. Alimzika wakati wa baridi wa 2008. Mei iliyofuata alikuja kiwanjani na viatu vyake vya zamani mkononi, akaniomba nimtundike kwenye boriti kama wengine. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kila parachuti ya akiba niliyowahi kuvaa ilikuwa imefungwa na mwanamke huyo.

Nilimwambia yuko mita elfu moja na mia tano, afungue. Mkono wake ukaenda kwenye paja la kulia. Zamani mshipi wa parachuti kuu ulikuwa hapo. Sasa uko chini ya begi, nyuma ya kiuno, na aliyeihamisha mifuko ya mishipi hiyo kwenye mabegi yote ya klabu, kwa sindano yake mwenyewe, alikuwa Erlinda Macaraeg. Nilirudia. Paja. Nilirudia tena. Paja.

"Tita," nilisema, na sauti yangu haikuwa nzuri, "leo hupandi."

"Umeona mara ngapi?"

"Tatu."

"Ile ya tatu nilikuwa najua, Garth. Nilijua, na mkono ukaenda vilevile."

Akaniambia nimfungue. Alitembea hadi ubaoni, akachukua chaki nyekundu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa kuliko za wengine wote. Siku ile hakusema nami tena, na mchana sikuona mezani sahani ambayo hunipakulia kila siku. Nilirudi nyumbani nikiamini nimeharibu kitu ambacho hakitengenezeki. Miaka baadaye Rogelio alinisimulia kwamba Tita alilia garini njia nzima hadi Winnipeg.

Kesho yake, Jumapili, sahani yangu ilikuwepo, imejaa. Alikaa mbele yangu.

"Ungeniruhusu jana," aliniambia, "leo ningemwambia Wally akuondoe."

Wiki mbili zilizofuata, kila alasiri baada ya kazi, alining'inia kwenye boriti. Rogelio alikaa kitini chini yake akisoma gazeti, na kila alipojisikia, katikati ya habari za mpira wa magongo, alisema "fungua" bila kuinua macho. Sijui mara ngapi. Rogelio anadai alisoma magazeti yote ya jimbo. Nilipomjaribu tena, mkono ulikwenda nyuma ya kiuno mara kumi kwa kumi, na Juni akaruka.

Julai, katika mruko wake wa nne, nilikuwa chini namtazama kwa darubini. Parachuti kuu ilifunguka upande mmoja tu, ikaanza kumzungusha kama kitambaa kwenye feni. Nilihesabu sekunde kwa sauti bila kujijua. Kisha nikaiona ile kuu ikimwachia na kupeperuka yenyewe, na ile ya akiba, nyeupe, ikachanua juu ya kichwa chake. Upepo ulimpeleka mashamba ya jirani. Nilipofika na gari nilimkuta katikati ya kanola, mmea wa mafuta, iliyochanua, njano mpaka kiunoni, anakusanya kitambaa na kuyasema maua kwa kukitia madoa. Aliniangalia, akaninyang'anya ufunguo wa gari, akaendesha yeye.

Akiba ile hakuifunga mwenyewe. Alikuwa ameikabidhi kwa Colleen Thiessen, tarishi mstaafu wa posta aliyekuwa akijifunza ufundi kwake, na ilikuwa ya kwanza Colleen kutia lakiri yake. Colleen tulimkuta amekaa nyasini. Desturi ya warukaji ni kwamba anayeokolewa na akiba humletea fundi chupa ya pombe. Tita alileta chupa, na sufuria nzima ya pancit, kisha akaiomba ile kadi ya sahihi akaisoma kwa muda.

"Mwandiko wako mbaya," alimwambia Colleen. "Kazi yako nzuri."

Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizomsikia akimpa mtu.

Watu ishirini na saba wameshuka ardhini kwa parachuti za akiba zilizofungwa na Tita Erlinda. Wote wametua kwa miguu yao, isipokuwa mmoja aliyetua mtini na kushushwa na zimamoto. Tita hajawahi kupokea chupa, maana hanywi pombe. Badala yake aliwataka wote warudi kuruka kabla wiki haijaisha, ili hofu isipate nafasi ya kuzoea. Ishirini na watatu walirudi. Wale wanne wengine hakuwalaumu, na kila Krismasi huwatumia kadi.

Julai mwaka huu alimwambia Wally kwamba anakitafuta kitanzi kwa kidole, si kwa jicho. Hakuna aliyekuwa amegundua. Kazi yake haikuwa na dosari, na Colleen alikagua kila moja. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, hupasuliwa na mtu akapona. Wally alimsihi apasuliwe kisha arudi. Alimjibu kwamba kupasuliwa atapasuliwa, ila yuko katika mwaka wake wa sitini na nane, na Rogelio amemsubiri vya kutosha katika kile kiti chini ya boriti. Wally alikwenda nyuma ya banda akakaa huko kidogo. Colleen anachukua meza ya ufundi kuanzia Jumatatu.

Lakiri yake ya mwisho aliitia tarehe 16 Agosti, kwenye begi langu. Tarehe 12 Februari muda wake utakwisha, na Colleen atakata ule uzi mwekundu. Nilimwambia Tita kwamba pengine nitaliacha begi lile lifungwe hivyo hivyo, nilitundike nyumbani ukutani, ninunue jingine. Aliniuliza begi zima kama hili linakwenda kukaa ukutani kufanya nini, na akaniambia nilipeleke kwa Colleen mapema, kabla ya foleni ya Machi.

Nitalipeleka. Tita Erlinda, umetufungia vyema miaka yote hii. Tunakuombea macho maangavu, goti lisilouma, Rogelio mwenye afya, na miaka mirefu ya kukaa chini ukitutazama tunavyoshuka. Asante sana, na maisha mema.