Shule Aliyotoka: Hakuna

Marehemu dada yetu, ambaye wadogo zake, majirani na hata wajukuu walimwita Kengele, alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa dereva wa malori ya masafa marefu na mkewe, fundi cherehani. Tarehe hiyo imehakikiwa kwa cheti chake cha kuzaliwa, ambacho mama alikihifadhi kwenye mtoto wa meza ya kukatia nguo, chini ya kopo la vifungo. Vyeti vya wadogo zake watatu havikuwahi kufika kwenye mtoto huo wa meza. Viliungua pamoja na ofisi ya uandikishaji mwezi Agosti 1974, kabla ya baba kurudi safari na kwenda kuvichukua. Mengi ya yatakayosomwa hapa yanatokana na moto huo.

Marehemu alianza shule ya msingi Januari 1968 na kuingia sekondari Januari 1975. Ripoti yake ya mwisho, ya muhula wa kwanza wa kidato cha pili, inaonyesha kwamba alikuwa wa kwanza katika insha kati ya wanafunzi arobaini na mmoja. Tarehe 3 Juni 1976 mama alifariki baada ya homa ya siku nne. Kengele alikuwa na miaka kumi na mitano. Nyuma yake walikuwapo mdogo wake wa kwanza, mwenye miaka minane, ambaye leo ni mhandisi wa madaraja. Wa pili, mwenye miaka sita, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu. Na kitindamimba wa kike, mwenye miaka minne. Mwalimu wa lugha alikuja nyumbani kutoa pole, akamwambia Kengele kwamba dawati lake lingebaki wazi hadi Januari. Alitimiza ahadi. Lilibaki wazi hadi Januari.

Mwishoni mwa mwezi huo wa Juni, Kengele aliwaogesha wadogo zake, akawapanga mstari na kuwapeleka shule ya msingi iliyokuwa karibu. Mwalimu mkuu aliuliza zilipo karatasi zao.

"Ziliungua na ofisi, mwalimu."

"Sasa mimi nitajuaje kwamba wamezaliwa?"

"Si hawa hapa, mwalimu. Huyu mdogo amekukanyaga kiatu."

Mwalimu mkuu hakucheka. Mtoto asiye na karatasi hakuwa na mahali pa kuandikwa. Wakarudi nyumbani kwa njia ileile.

Jumatatu, tarehe 5 Julai 1976, saa mbili kamili asubuhi, dada yetu aligonga kijiko kwenye kitako cha kikombe cha bati, na hapo ndipo alipolipata jina lake. Shule aliyoifungua hivyo nyumbani ilikuwa chumba kimoja na nusu ya ukumbi. Meza ya kukatia nguo ilikuwa dawati na ubao pia, kwa kuwa mama alikuwa ameacha boksi zima la chaki za ushonaji, na uso wa meza ulikuwa mweusi kwa miaka ya pasi na mafuta ya cherehani. Chini ya kitanda palikuwa posta. Kila mtoto alitakiwa kumwandikia baba barua, kuipitisha uvunguni, na kuilalamikia posta kwa maandishi iwapo ilichelewa. Njia ya lori la baba ilichorwa sakafuni kwa chaki, kutoka mlangoni hadi kwenye jiko, na aliyetaka chai alipaswa kwanza kutaja miji yote aliyoikanyaga.

Palikuwa pia na mahakama. Sukari ilipopungua kwenye kopo, mhandisi wetu wa leo alisimamishwa mbele ya cherehani.

"Mshtakiwa, soma shtaka lako, sauti ifike mlangoni."

"Kwamba mimi nililamba sukari."

"Unakubali?"

"Nakataa, mheshimiwa. Nilikuwa naikagua."

"Kwa ulimi?"

"Macho yalikuwa yananiuma, mheshimiwa."

"Andika utetezi wako, mistari mitano."

Aliandika kumi na miwili. Hakimu alimwachia huru kwa sababu ya mwandiko mzuri, lakini siku hiyo chai yake haikutiwa sukari.

Vitabu vya shule hiyo vilitoka kwa jirani wa chumba cha pili, fundi wa kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji. Alileta karatasi zilizoharibika mashinani, kila moja ikiwa imekunjwa kurasa kumi na sita: hadithi iliyoanzia ukurasa wa 17 na kukatika ukurasa wa 32, katikati ya sentensi. Kutokana na hizo Kengele alibuni mchezo aliouita Kabla na Baada. Watoto walisoma kurasa walizo nazo kwa zamu, kisha wakaigiza yaliyotangulia na yatakayofuata, na mwishowe wakayaandika. Kaka, huyo mhandisi, alianza kila hadithi kwa vita. Kitindamimba alianza kila hadithi na mtu mwenye njaa. Wa pili alikataa kuanza. Alitaka kwanza aambiwe mwandishi alisema nini hasa.

"Mwandishi hayupo hapa," Kengele alimjibu. "Wewe upo. Sema."

Kila saa sita mchana kijiko kiligongwa mara mbili, naye akasema, "Vitabu chini." Ndipo watoto waliporuhusiwa kutoka nje kucheza, wakidhani kwamba hadi wakati huo hawakuwa wakifanya kitu kingine. Aliendesha shule hiyo kwa miaka mitatu na nusu.

Karatasi mpya za kuzaliwa zilitoka Desemba 1979. Januari 1980 watoto hao watatu walipewa mtihani na mwalimu mkuu yuleyule, naye aliwapanga darasa la sita, la nne na la pili. Alishangaa. Akamuuliza baba, aliyekuwa amerudi safari wiki hiyo, nani aliwafundisha.

"Wamejifundisha wenyewe," baba alisema. "Wanangu wana akili."

Kengele alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sweta tatu. Alikuwa na miaka kumi na minane. Katika daftari la uandikishaji, kwenye safu ya shule aliyotoka mwanafunzi, mwalimu mkuu aliandika neno moja kwa kila mmoja wetu: Hakuna. Baba hakusema vile kwa ubaya. Alikuwa mtu wa barabarani, na kila aliporudi aliwakuta watoto wanacheza.

Mwezi huo Marehemu aliomba kurudi sekondari, akajibiwa kwamba umri ulikuwa umempita. Macho ya baba yalikuwa yameanza kufifia, na lori lilikuwa halina muda mrefu mikononi mwake. Tarehe 4 Februari 1980, kwa kuombewa na yule jirani, Kengele aliajiriwa kiwandani kuwa mkunja karatasi. Alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Kifaa chake kilikuwa kipande cha mfupa, laini kama sabuni iliyotumika, na wenzake wanasema hakuwahi kukunja karatasi bila kuisoma. Kwa mikono hiyo wadogo zake watatu walifika vyuo vikuu.

Hapo kiwandani alikutana na mwendesha mashine ya kukata karatasi, mtu wa maneno machache. Huyo alificha ombi lake la ndoa, kwa penseli, katikati ya rundo la karatasi za kukunjwa. Lilirudi likiwa na wino mwekundu: Hoja nzuri, lakini haina sababu. Rudia. Alirudia mara mbili. Walifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, wakajaliwa binti mmoja. Shemeji yetu bado ana rasimu zote tatu na haonyeshi mtu.

Jumamosi, uani kwake, kijiko hakikuacha kugongwa. Watoto wa mtaa walisoma hapo, wakashtakiana na kupelekeana barua. Alipostaafu mwaka 2011, shule ya awali ya mtaa ilimtaka awe mwalimu, lakini mkaguzi akataka cheti. Mwaka uliofuata chuo cha ualimu kilitangaza kwamba watu wazima waliowahi kufundisha bila cheti wangeruhusiwa kufanya mtihani, mradi walete barua mbili za watu waliofundishwa nao. Kengele alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Tunajua alivyolichukulia jambo hilo kwa sababu alinunua daftari jipya na kuandika ratiba ya masomo ya mwaka mzima. Daftari hilo lipo.

Kitindamimba aliandika barua yake siku hiyohiyo, nusu ukurasa: Alinifundisha kila ninachokijua, pamoja na kuandika barua hii. Mhandisi alijibu kwa simu kutoka mbali anakofanyia kazi: "Dada, kusema kweli mimi nakumbuka tulikuwa tunacheza tu." Ikabaki barua ya mdogo wake wa pili.

Huyo wa pili ni mtu wa nyaraka. Kazi yake ni kukusanya masimulizi ya watu na kuyalinganisha na maandishi. Kabla ya kuandika chochote alikwenda kulitafuta daftari la uandikishaji la Januari 1980, akalipata baada ya wiki saba, akaona lile neno. Barua yake, ambayo nakala yake imehifadhiwa, inasema hivi: Kwa mujibu wa daftari la shule, watoto hawa hawakutoka shule yoyote. Kwa kumbukumbu ya mwandishi, dada yao alikuwa akiwasaidia nyumbani. Kitenzi kile, kusaidia, kilichaguliwa kwa uangalifu. Tarehe 19 Novemba 2012 chuo kilijibu kwamba ushahidi haukutosha. Mwaka uliofuata mpango ukafungwa.

Kengele alifika ofisini kwa mdogo wake mara moja tu katika maisha yake, na ilikuwa wiki hiyo. Alikaa kwenye kiti wanachokalia wasimulizi.

"Umeandika ukweli?"

"Nimeandika kilichothibitishwa, Dada. Daftari linasema..."

"Daftari halikuwepo chumbani. Wewe ulikuwepo."

Akaichukua nakala yake, akaikunja mara tatu kwa ukucha wa kidole gumba, kurasa kumi na sita kamili, akaondoka. Shemeji, aliyekuwa akimsubiri nje ya mlango, ndiye aliyeongeza: "Mtu amekulisha kwa kijiko, shemeji, na wewe unamdai cheti cha kijiko."

Shule ya awali ilimwajiri kuwa mfagizi. Alifagia hapo kwa miaka kumi na mmoja. Walimu wenye vyeti walimpelekea watoto walioshindikana. "Kengele, huyu herufi zinamkimbia," walisema, wakamwacha naye kwenye stoo ya ndoo na mafagio, na mtoto akatoka humo anasoma. Mkaguzi alipokuja, Kengele alishika fagio. Katika orodha za mishahara za miaka hiyo yote, ambazo zimeangaliwa moja moja, hakuna mahali alipoandikwa kwa jina la kazi aliyokuwa akiifanya.

Machi 2024 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, na alilazimika kulala ameegemea mito. Mdogo wake wa pili alikwenda kumwona akiwa na kinasa sauti, ili hatimaye ayachukue maisha yake kwa mdomo wake mwenyewe. Alikwenda mara tatu. Mara mbili za kwanza walizungumza kuhusu mvua. Mara ya tatu Kengele alimwambia, "Zima hiyo. Andika kama ulivyoandika." Kisha akamgeukia mjukuu wake wa miaka tisa, aliyekuwa ameketi miguuni pake na karatasi kuukuu. "Endelea. Umefika ukurasa wa ngapi?"

Alifariki hospitalini siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na minne. Ofisi ya mdogo wake ina saa mia tisa za sauti za watu wa kila aina, zimeorodheshwa kwa tarehe. Sauti ya Marehemu haimo.

Tulipokuwa tukiandaa programu hii, mhandisi alishauri kwamba kwenye jalada iandikwe "mfanyakazi mstaafu wa kiwanda cha uchapaji", kwa kuwa ndivyo nyaraka zinavyosema. Nyaraka zinasema hivyo kweli. Jalada, kama mnavyoliona, linasema "mwalimu". Na kwa kuwa chuo kilitaka barua mbili kikapata moja, ya pili inasomwa leo, ikiwa imechelewa miaka kumi na mitatu:

Mimi ni mwanafunzi wake. Kuanzia tarehe 5 Julai 1976 hadi Desemba 1979, katika chumba kimoja na nusu ya ukumbi, kwenye meza ya kukatia nguo, alinifundisha kusoma, kuandika, kuhesabu, kuuliza lililotangulia na kufikiri litakalofuata. Hakunisaidia. Alinifundisha. Sina karatasi ya kuthibitisha hilo. Nilikuwepo. Barua hii ilihitaji dakika kumi kuiandika, na mimi nilitumia wiki saba kutafuta sababu ya kutoiandika. Daftari limekosea, na baba alikosea, lakini hao hawakuwa wameombwa na yeye. Mimi niliombwa.

Marehemu ameacha mume, binti na mkwe, wajukuu wawili, wadogo watatu, na watoto wa ile stoo ya mafagio, ambao hatukuweza kuwahesabu kwa sababu hakuna aliyewaorodhesha. Wamejaa huko nyuma, wanajijua.

Mwalimu, saa sita imefika. Vitabu viko chini. Pumzika kwa amani.