Koti Lenye Matundu ya Cheche

Leland Pruitt alikunja gazeti lake apate kusikia vizuri. Kwenye kiti cha mbele yake, ndani ya basi la mjini Toledo, binti wa miaka kumi na saba alikuwa njiani kwenda studio kupigwa picha ya kumaliza sekondari. Mkononi alishika gauni la buluu, na mapajani amepakata koti la ngozi la wachomelea vyuma, limejaa matundu ya cheche.

Bibi aliyeketi kando ya binti huyo, ingawa hawakujuana, aliligusa koti. "Mwanangu, picha hiyo itakaa ukutani kwenu miaka arobaini. Kweli utavaa hili?" Binti akasema, "Ndiyo, bibi. Nimechomelea miaka mitatu, msichana peke yangu darasani." "Na gauni?" "Mama kalishona mwenyewe. Anadhani nitalivaa." "Basi utamvunja moyo." "Huenda. Lakini akitazama ukutani, nataka anione mimi."

Leland, ambaye kwenye picha yake ya kumaliza shule alivalishwa tai ya mjomba, alitamani kutia neno, akajizuia. Hakuna aliyemuuliza.

"Mimi nilivaa nilichochaguliwa," bibi alisema polepole, "na mama yangu akafa ameridhika. Hilo si jambo dogo." Machozi yalimlengalenga binti, lakini koti hakuliachia.

Basi likasimama. "Anza kupiga picha na gauni, basi," bibi alimsihi. Binti alivaa koti pale pale mlangoni, akalifunga hadi shingoni, akashuka kwenye mvua, gauni kaliinua juu lisiguse matope.