Ngumi na Vidole vya Mwalimu Aminieli

Tarehe 30 Juni 1957 Mwalimu Aminieli anastaafu, baada ya kufundisha Kiingereza kwa miaka thelathini na mmoja, sehemu kubwa ya miaka hiyo katika shule yetu ya kati hapa Same. Aliomba abaki hadi darasa lake la nane lifanye mtihani mwishoni mwa mwaka. Hakukubaliwa. Sababu inafaa isemwe waziwazi, maana sokoni inasemwa vibaya.

Alizaliwa Shighatini, akaanza kazi katika shule za milimani. Somo aliloling'ang'ania kuliko yote ni lile linalowatesa wanafunzi wetu. Sisi husema maji mengi na ndoo nyingi, neno ni lilelile. Mwingereza husema much kwa maji na many kwa ndoo, a little kwa unga na a few kwa ndizi. Mwalimu hakutaka mtu akariri. Alipanga mezani kibuyu cha maziwa, ndizi na bakuli la chumvi, kila mmoja aamue mwenyewe kipi kinahesabika na kipi hakihesabiki. Omari wa Kihurio alishikilia kwamba mchele unahesabika, kwa kuwa mama yake huuchambua punje kwa punje. Alipewa bakuli la mchele akauhesabu wakati wenzake wakicheza mpira. Kengele ilipolia alikuwa amebadili msimamo.

Miaka ya karibuni Mwalimu alianzisha desturi: anayejibu huinua mkono, vidole vikiwa vimetanuliwa kwa kinachohesabika, ngumi kwa kisichohesabika. Walimu tuliisifu kama mbinu mpya. Hatukujua kwamba masikio yake yalikuwa yakififia, na kwamba mikono ile ndiyo aliyokuwa akiisikiliza. Wanafunzi walijua. Hakuna aliyesema.

Mwezi Machi mkaguzi wa shule aliingia darasani mwake, akaagiza mikono ikunjwe juu ya madawati, watoto wajibu kwa kinywa tu. Zebedayo alitumia many kwa maziwa. Mwalimu akamwambia vizuri, kaa. Ndipo Dina, aliyekuwa kwenye dawati la mbele, akainua ngumi. Mwalimu aliiona, akamsimamisha Zebedayo tena, akamsahihisha. Mkaguzi naye aliiona. Akapita nyuma ya Mwalimu, akamwita kwa jina. Mwalimu hakugeuka.

Uamuzi wa kumstaafisha ulifika Mei. Dina alikataa kuingia darasani, akilia kwamba ndiye aliyemwachisha Mwalimu kazi. Mwalimu alimfuata nje, akamwambia: "Nilikosea, ukanisahihisha. Siku ya mtihani fanya hivyohivyo, mwanangu."

Basi ieleweke kwamba hakufukuzwa, hakulewa, wala hakuiba. Amekuwa kiziwi akiwa kazini. Darasa lake halijapata mwalimu mwingine wa Kiingereza. Nitalishika mimi, ambaye kazi yangu ni sarufi ya Kiswahili, na sitaki kumdanganya mzazi yeyote kwamba hakuna kilichopungua.

Leo atakapopanda gari kurudi kwao, nyimbo na makofi yetu hayatamfikia. Darasa la nane limeomba lisimame kando ya barabara, mahali atakapoliona, kila mmoja akiinua ngumi. Niliwauliza kwa nini ngumi. Dina alijibu kwamba shukrani zimo katika kundi la maji na maziwa.

Nimewaruhusu.

Mwalimu Aminieli, shule hii inakushukuru. Fika salama kwa mkeo, Mama Ernesta, upumzike, na Mungu akae nawe katika ukimya huo.