Nilivyojifunza Kuondoka Kwenye Mstari

Wamama wenzangu, neema iwe nanyi. Mwenyekiti alisema kila mtu atashuhudia akiwa amekaa, lakini nimemwomba ruhusa nisimame. Nikikaa, miguu yangu inaanza kucheza chini ya benchi, na nyinyi mtaangalia miguu badala ya kunisikiliza.

Sitataja jina la mtu. Anayejijua atajijua.

Mimi nilizaliwa Tanzania, wazazi wakarudi nasi huku kwao tukiwa wadogo, ndiyo maana Kiswahili changu mnakicheka. Mume wangu nilimpata hapa hapa Gisenyi. Miaka miwili iliyopita aliugua siku nne tu, ya tano akaniacha. Nilibaki na mama yake, ambaye tunaishi naye nyumba moja, na gari dogo la zamani la marehemu, lenye gia za mkono.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kulisema katika kikundi hiki. Kwenye msiba ule nyinyi mlilia. Niliwaona, wengine mpaka chakula kikawashinda. Mimi sikulia. Mimi nilishindwa kutulia. Nikitoka ofisini nafua, nguo zikianikwa napiga deki, deki ikikauka napiga tena. Mchungaji akiomba maombi marefu natoka nje najifanya nimepigiwa simu. Mwishowe nikaanza kuchukua gari. Naenda mpaka Rubona, nafika bandarini, sishuki, nageuza, narudi mjini. Mama mkwe ananiuliza nilienda kuleta nini. Nachukua tena ndoo ya deki.

Mwenzangu mmoja wa kazini akaniambia kuna watu wanashindana na magari yao ya kawaida, Jumamosi moja moja, kwenye kipande cha barabara iliyonyooka ambacho hufungwa kwa kibali. Magari mawili yanasimama sambamba, taa tatu za njano zinawaka moja moja, ya kijani ikiwaka yanaondoka, anayefika mwisho kwanza ameshinda. Basi. Hakuna kona. Nikaenda kuangalia tu. Ndugu zangu, nilipoona gari linavyochomoka pale, nikasema moyoni: mle ndani hakuna nafasi ya kuwaza. Nikataka kuingia mle.

Mashindano yaliyofuata nikajiandikisha. Mwanamke nilikuwa peke yangu. Taa ya kijani ikawaka, nikaachia klachi kwa pupa, gari likaruka hatua moja, likazima. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Zamu ya pili nikaogopa kuzima, nikakanyaga mafuta mpaka chini. Matairi yakazunguka bure, moshi ukafunika kila kitu, na mimi nimesimama pale pale huku mpinzani wangu akiwa amefika. Zamu ya tatu niliondoka kabla ya taa. Wakanitoa.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani. Mimi nilirudi nikiwa na kitu kipya cha kunikimbiza. Hatua ishirini za mwanzo, hizo tu, zikawa maisha yangu. Nikiwa kwenye mkutano wa kazi, mguu wa kushoto unabonyeza klachi isiyokuwepo. Na hapa naona aibu: nikaanza kujizoeza barabarani, kwenye barabara ya watu. Nikisimamishwa mahali, naangalia gari lililo karibu, nasubiri kama nipo mashindanoni.

Siku moja nilimpeleka mama mkwe Nyamyumba kwenye chemchemi ya maji ya moto, kwa ajili ya magoti yake. Wakati wa kurudi tukakuta barabara inatengenezwa, mwenye kibendera ametusimamisha. Basi dogo la abiria likaja likasimama pembeni yangu. Nawaambia ukweli, sikukumbuka kama nimebeba mtu. Kibendera kilipogeuzwa nikaachia klachi na kukanyaga mafuta kwa pamoja. Palikuwa na kokoto. Nyuma ya gari ikayumba kulia, nikaupinda usukani kupita kiasi, tukaingia mtaroni.

Mimi sikupata hata mkwaruzo. Mama mkwe alivunjika mkono.

Polisi walinipa adhabu yangu, niliistahili. Lakini adhabu haikuwa ile. Hospitalini nilikuwa natembea huku na huku mbele ya kitanda chake, nauliza maswali, napanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akaniita nikae. Nikasema subiri kidogo, Mama. Akanishika sketi kwa mkono wake mzima. Akaniambia kwa Kinyarwanda, nami nawapa kwa Kiswahili: "Unamkimbia nani? Mimi ndiye niliyemzaa, na nipo hapa, nimekaa."

Nilikaa. Sikulia hata siku ile. Ila nilikaa, labda nusu saa, na nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko mazishi.

Gari lilivutwa mpaka kwa fundi mmoja aliyekulia Goma, mtu wa maneno machache. Lilipopona nilienda kumwambia aliuze. Nilimweleza yote, mashindano, kibendera, mkono wa Mama. Akajifuta mikono, akanijibu: "Mama, gari haina shida. Shida iko kwa muguu yako. We unaondoka kama mutu wenye wanamufukuza." Akasema nikiliuza nitanunua jingine na nitaumiza mwingine, kwa hiyo bora nijifunze. Akanipa masharti mawili: barabarani sitajaribu tena kamwe, na nyumbani niombe ruhusa.

Nikamwomba mama mkwe, mkono wake ukiwa bado kwenye plasta. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza tu kama fundi huyo ana subira. Nikasema anayo. Akasema basi niende nikaiazime.

Mafunzo yalianzia ndani ya ua wa gereji. Wiki tatu, ndugu zangu, sikuruhusiwa kugusa mafuta. Klachi tu. Niinue mguu pole pole mpaka nisikie mahali inapoanza kushika, pale pua ya gari inapoinuka kidogo kama mtu anayetaka kusema neno, kisha nirudishe chini. Tena. Tena. Nilichukia. Nilitaka kutoka nikimbie mpaka ziwani. Fundi anakunywa chai yake, haniangalii, anasikiliza injini. Nikiharakisha anasema: "Bon, rudia." Hiyo bon yake ya Kifaransa ndiyo haya yetu.

Baadaye tukahamia kwenye uwanja mtupu wa mtu aliyeturuhusu. Huko nikajifunza kwamba kuna mahali pa kuushikilia mshale unaoonyesha mzunguko wa injini kabla ya kuondoka: ukizidi, matairi yanazunguka bure, ukipungua, gari linakohoa na kulala. Nikajifunza kupunguza upepo kidogo kwenye matairi yanayosukuma, ili yashike lami, na kuurudisha kabla ya kwenda nyumbani. Na mafuta usiyapige teke, unayaongeza kadiri klachi inavyoshika, mguu mmoja ukipanda na mwingine ukishuka. Fundi alinikataza kubadilisha mambo mawili kwa siku moja. Ukibadilisha upepo, acha mengine yote yalivyo, ondoka mara tano, uandike. Nilikuwa na daftari. Kurasa za mwanzo zimejaa neno moja: mapema, mapema, mapema.

Maana ugonjwa ule haukuisha. Mguu ulijifunza, lakini kusubiri kulinishinda. Kwenye mashindano ya kwanza niliporudi, niliondoka kabla ya taa mara mbili. Fundi hakunigombeza. Aliniuliza tu, wakati ule wa kusubiri, mle ndani kunakuwa na nini.

Nilijua. Kuna kiti kitupu upande wangu wa kulia.

Mashindano yaliyofuata nilifika mstarini, pembeni yangu gari la kijana mmoja kutoka Kigali, lenye injini kubwa kuliko yangu. Nikainua klachi mpaka pale inaposhika, nikaushikilia mshale mahali pake. Taa ya kwanza ya njano. Na yeye akaja, marehemu wangu, kama alivyokuwa akija kila mara: alivyokaa kwenye kiti kile mimi nikiendesha, anatafuta stesheni za redio, hapendi wimbo wowote. Siku zote hapo ndipo nilipokuwa natoroka. Taa ya pili. Siku hiyo nikamwacha akae. Sikumfukuza, na mimi sikukimbia. Machozi yakaanza ndani ya kofia ngumu, ya kwanza tangu tumzike, na siwezi kuyafuta kwa sababu mikono yote ina kazi. Taa ya tatu. Miguu yangu, wamama, hii mnayoiona, ilikuwa imetulia kabisa.

Kijani. Gari likaondoka.

Halikuruka, halikutoa moshi. Liliondoka tu, lote kwa pamoja, na kwa hatua zile ishirini na nyingine nyingi sikumwona kijana wa Kigali pembeni yangu. Alikuwa nyuma. Baadaye injini yake ikanipita na akashinda, tena kwa mbali. Nilisimamisha gari kule mwisho nikalia mpaka wakaja kuniuliza kama nimeumia. Fundi alifika akitembea, akainama dirishani, akasema, "Sasa umeondoka."

Mwezi huo huo mama mkwe akaniambia magoti yanamsumbua. Nikamuuliza kama nimtafutie dereva. Akachukua taulo lake, akaenda kukaa kiti cha mbele, akafunga mkanda kwa mkono ule uliovunjika. Nilimpeleka na kumrudisha polepole, mpaka bodaboda zote zikatupita na yeye akalalamika tutakutwa na mvua.

Naomba nishukuru. Namshukuru Mungu aliyezuia nisiue mtu. Namshukuru mama mkwe, ambaye leo amekataa kuja kwa sababu anasema nitamwaibisha. Namshukuru fundi, ambaye si wa kanisa letu na hajui kama ninamtaja. Nawashukuru nyinyi, ambao hamkuwahi kuniuliza kwa nini silii.

Msinielewe vibaya. Sisemi nimepona. Wiki hii nimepiga deki mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Wala sisemi mkashindane na magari. Nilichojifunza ni kwamba kusubiri si kukosa la kufanya. Kusubiri ni kazi yenye mikono na miguu, mtu anafundishwa, anakosea, anarudia.

Na kama kuna mmoja hapa asiyeweza kukaa, anayetoka nje maombi yakirefuka, asione aibu. Nitakuwa mlangoni. Tutazunguka kanisa pamoja, hata mara kumi, na ukiwa tayari tutaingia tukae.