Tableti Inayokwama

Kwenye Hiace ya Tunduma, Ruti alijifanya anatazama mahindi dirishani, masikio yakiwa kiti cha mbele. Kijana alikuwa akimpa mama mmoja somo asiloliomba.

"Waifai ya nyumbani ni ileile, mama. Tableti kuukuu inajikongoja, mpya inakimbia. Hiyo kuukuu itupe."

"Mpya ninayo, mwanangu. Mume wangu yuko Ndola, ng'ambo ya mpaka. Akipiga simu ya video kwenye mpya tunaongea vizuri, akiaga tu, kioo cheusi. Hii kuukuu hukwama katikati. Sura yake inabaki pale, inacheka, namtazama mpaka nishibe."

"Lakini kasi, mama…"

Hiace ikasimama kituo cha Mpemba. Mama akashuka na tableti yake kifuani. Ruti akatamani gari nalo likwame kidogo.