Mama Vifungu na Chumba cha Nyuma

Ndugu, jamaa na majirani, dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungu, naye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, akasoma hadi kidato cha nne, akaajiriwa ofisi ya bima, na mwaka 1984 akaolewa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 1993 walinunua nyumba ya kwanza ya kupangisha, kwa mkataba wa dalali, na walipokabidhiwa funguo wakakuta milango, madirisha, hata sinki, vyote vimeng'olewa, kwa kuwa mkataba ulitaja kiwanja na kuta tu. Hakulia. Alisema kuanzia siku ile mikataba yake ataiandika mwenyewe.

Dalali akamcheka, "Mama, hii si barua ya posa."

"Mwanasheria atakagua," akamjibu, "lakini maneno ni yangu."

Na ndivyo alivyonunua nyumba zote zilizofuata.

Mwaka 2011 ndugu watatu walikuwa wanamuuzia nyumba ya marehemu baba yao, naye alipokwenda kuikagua alimkuta mama yao mzazi chumba cha nyuma, anakunja mashuka.

"Unahamia wapi, mama?"

"Bado hawajaniambia, mwanangu."

Alirudi nyumbani akaandika kifungu cha tisa, kwamba mama huyo ataishi chumbani mwake bila kodi hadi atakapotaka mwenyewe kuondoka, na kwamba neno hilo litawafunga hata warithi wa mnunuzi.

Kaka mkubwa aliposoma alikuja juu, "Kifute hicho, kinatuaibisha!"

"Sifuti. Bila hicho sinunui."

Akachukua mkoba wake akatoka, wakamwita alipofika getini, wakatia saini.

Mama huyo ameketi hapa mbele yetu leo, na sisi ndugu, pamoja na warithi wake, tunatamka mchana kweupe kwamba chumba kile ni chake, na anayedhani kifo kimekifuta kifungu cha tisa aje tuonane.

Dada aliugua figo tangu mwaka 2022, akabishana na ugonjwa kama alivyobishana na madalali, hadi tarehe 17 Juni mwaka huu, alfajiri, alipotutoka, mabinti zake wamemshika mikono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia kwa maswali yake, majirani mliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenzake wa zamani, na mwanasheria wake, aliyesema hakuwahi kumshinda hata koma moja.

Pumzika, dada, kwa amani isiyo na masharti.