Kamba ya Nanga: Maisha ya Mwalimu Eveline Amos Kalinga, 1962–2025

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, wengi mmepanda mlima hadi hapa Kilolo mkiwa na pole mkononi. Wengine mmekuja na pole pamoja na swali, na familia inalijua swali lenyewe kwa sababu tumeulizwa tangu mwaka 2017, sokoni, kanisani na hata kwenye harusi za watu: mwalimu mstaafu, mtoto wa milimani, asiyejua kuogelea, aliendaje kuishi kwenye boti? Tutajibu kadiri tunavyojua. Lakini tuanze mwanzo, maana marehemu hakupenda mtu anayeanza kusimulia katikati.

Mwalimu Eveline alizaliwa hapa Kilolo tarehe 14 Agosti 1962, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa marehemu Mzee Amos Kalinga na Mama Damari, ambaye tunaye hapa mbele. Alibatizwa mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1976. Utoto wake ulikuwa wa ukungu, njegere na mbuzi. Mama ndiye aliyemfundisha kufunga mbuzi: kamba iwe fupi, ivutwe ikaze, mnyama asifikie mahindi ya jirani. Somo hilo alilishika vizuri mno, na mtasikia lilivyokuja kumponza. Alikuwa pia mtoto wa maswali. Siku moja alimuuliza baba yake mto wa bondeni unaishia wapi. Akaambiwa, baharini. Akauliza bahari nayo inaishia wapi, akaambiwa akalete kuni.

Alisoma shule ya msingi hapa Kilolo kuanzia 1970 hadi 1976, kisha sekondari mjini Iringa hadi 1980. Baadaye alijiunga na chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1983 kama mwalimu wa sayansikimu. Mwaka huohuo alipangiwa kazi Mbeya, na huko alifundisha kupika, kushona na kutunza nyumba hadi alipostaafu. Wanafunzi wake wanakumbuka mtihani wake mmoja: alikuwa akizima taa, anafunga dirisha, na kuwataka wapike chakula kizima kwa sufuria moja na mkaa wa kiganja. Walidhani anawaonea. Yeye alisema nyumba ndogo ndiyo inayompima mpishi.

Alifunga ndoa na Bwana Lusekelo Mwakifuna tarehe 27 Desemba 1986. Lusekelo ni fundi injini, mzaliwa wa Matema kando ya Ziwa Nyasa, mtu aliyejua kupiga kasia kabla hajajua kusoma. Walikutana alipokuja shuleni kutengeneza jenereta. Mwalimu alisimama pembeni na kuuliza kila chuma kina kazi gani, hata kazi ya asubuhi moja ikamalizika kesho yake. Lusekelo husema mpaka leo kwamba jenereta ilipona mapema, ila yeye hakutaka kuondoka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Happy na Fred.

Sasa tuje kwenye boti. Mwaka 2016 Lusekelo aliitwa Tanga kutengeneza injini ya boti ndogo ya matanga. Mwenyewe alikuwa mzee wa kigeni ambaye magoti yalikuwa yamemkataa, na kazi ilipokwisha alimwachia fundi boti yote, kwa furaha ya mtu aliyempata wa kumlelea mtoto. Ilikuwa na urefu wa hatua kama kumi na mbili, yenye kitanda, jiko na choo ambacho lazima ukipampu. Mwalimu alishuka Tanga kuiona kwa wiki moja ya likizo. Aliporudi Mbeya alianza kutafuta barua ya kustaafu kwa hiari, na mwaka 2017, alipotimiza miaka hamsini na mitano, alistaafu. Boti wakaipa jina la Kilolo.

Hapa ndipo penye jambo lililomuumiza. Nyumba ya baba ilikuwa imetunzwa kwa ajili yake. Sote tulitarajia kwamba binti wa kwanza akistaafu atarudi kukaa na mama. Alipokuja kuaga, Mama hakumzuia wala hakumgombeza. Alisema, "Haya," akaendelea kuchambua maharage.

Walianzia Pemba, Unguja na Mafia, kisha Komoro, kisha visiwa vya kaskazini mwa Bukini, yaani Madagaska. Mnaodhani walikuwa wamekaa tu wakitazama mawimbi, mnakosea sana. Maji ya mvua yalikingwa kwa turubai. Vyombo vilioshwa kwa maji ya chumvi na kusuuzwa kwa kikombe kimoja cha maji ya kunywa. Boksi lolote la dukani liliachwa ufukweni, kwa sababu mende hutaga ndani yake, na mende akipanda boti mmehamishwa nyinyi. Jiko lilining'inia ili lifuate mwendo wa boti, lakini ugali haukupewa taarifa hiyo, hivyo alisonga akiwa amejifunga mkanda kwenye kabati, mume akishika sufuria. Mboga za majani alizichemsha na kuzianika juu ya boti, kama tunavyoanika hapa. Cherehani yake ilishona matanga ya nusu ya wasafiri waliotia nanga karibu naye. Na kwenye joto lile la Nosi Be, kisiwa cha huko Bukini ambako watu hulala bila shuka, yeye alikaa akifuma sweta za nyumbani. Baadhi yenu mmezivaa asubuhi hii.

Kila bandari walipofika, maofisa walisoma jina ubavuni mwa boti na kumuuliza, "Kilolo ni wapi?" Swali hilo alilipenda kuliko yote. Aliwaeleza juu ya baridi, mianzi, njegere na bibi mmoja mwenye mbuzi. Kuna ofisa wa forodha kisiwani Mwali, huko Komoro, ambaye kila alipowaona aliuliza kwanza hali ya mbuzi wa Mama Damari, ndipo akagonga mihuri.

Ila bibi mwenyewe hakuuliza kitu. Kila Desemba, majira ya vimbunga yalipokaribia kule Bukini, waliirudisha boti Tanga na kupanda basi hadi Iringa, wakala Krismasi hapa, isipokuwa mwaka 2020 walipozuiwa na korona. Mama alimpokea bintiye vizuri, alimchinjia kuku, alimpa habari za mvua na za misiba. Juu ya bahari, kimya. Mwalimu alileta karafuu, vanila na picha. Mama aliweka vanila kabatini na picha akazifunika kwa kitambaa. Mwaka 2022 marehemu alimwambia mdogo wake Benedicta, anayesoma wasifu huu, "Da Bene, mama angenigombeza ningejua pa kuanzia. Haniulizi. Hata swali moja tu!" Alilia aliposema hivyo, na hakuwa mtu wa kulia.

Mwezi Agosti 2024, wakiwa Mwali, alianza kuumwa tumbo na kukonda. Walirudi, akapimwa Dar es Salaam, na ikagundulika kuwa ni saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Alimuuliza daktari maswali mengi, akashukuru, akasema anataka kwenda kwa mama. Mwezi Novemba alifika hapa, akalala katika nyumba ya baba yake. Mwili uliuma, lakini tuliomuuguza tulijua kilichomuuma zaidi. Aliogopa kuondoka duniani huku mama yake akiamini kwamba alimkimbia.

Asubuhi moja ya Januari mwaka huu, Mama aliingia akiwa amekasirika kwa sababu mbuzi alikuwa amefungua kamba yake na kula mboga za jirani. Benedicta alikuwepo akipepeta mchele, na mazungumzo yalikwenda hivi.

Marehemu alisema, "Mama, usimlaumu mbuzi. Hata mimi nilishafunga kitu kikaondoka."

"Ulifunga nini?"

"Boti."

Mama aligeukia mlango. Tukadhani yameishia hapo kama siku zote. Kisha akakaa pembeni ya kitanda, akauliza, "Ulifungaje?"

Ndipo Mwalimu akasimulia kilichotokea Mkoani, Pemba, mwaka 2018. Lusekelo alikuwa na jeraha la kidole, naye Mwalimu akaomba atie nanga mwenyewe. Alipoona nanga imegusa chini, aliivuta kamba ikakaza, akaifunga fupi kabisa, kama alivyofundishwa. Wakashuka kununua vitunguu. Walipokuwa sokoni, mpakiaji wa karafuu aliwapigia kelele kutoka gatini: "Mama! Nyumba yenu hiyo inaondoka!" Walipogeuka, Kilolo ilikuwa inaelekea mikokoni kinyumenyume, taratibu, na chupi za Lusekelo zikipepea kwenye kamba ya nguo. Waliifukuza kwa mtumbwi wa mpira mbele ya watu wote wa gatini.

"Ulivuta ikakaza?" Mama aliuliza.

"Ikakaza, kama mbuzi."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Sasa mimi ningejuaje mambo ya maji? Eh, na ulitakiwa ufungeje?"

Marehemu alimweleza kwamba nanga haishiki kwa uzito wake. Hushika inapolala chini na kuvutwa kwa ubavu, kwa hiyo kamba lazima iachiwe ndefu, mara tano ya kina cha maji, na upepo ukizidi unaongeza. Boti itazunguka, itakwenda huku na huku, lakini haiondoki. Mama alitazama mikono yake. Halafu akasema, "Kumbe uliachiwa ndefu tu. Mimi nilidhani imekatika."

Baada ya siku hiyo maswali hayakukoma. Choo chenu kinakwenda wapi? Jumapili mlisali na nani? Samaki hawawachoshi? Ukiogopa, unamwambia nani? Bahari inaishia wapi? Kwa hilo la mwisho marehemu alimwambia Mama akalete kuni, wakacheka wote wawili hadi muuguzi wa zahanati akachungulia. Zile picha zilifunuliwa. Vanila ilitiwa kwenye chai. Nguvu zilimwishia, lakini uso wake ulirudi kuwa ule tuliokua nao.

Hali ilipobadilika alipelekwa hospitali mjini Iringa, na huko alituacha alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Machi 2025, mume wake na Mama wakiwa wamemshika mikono. Lusekelo alisema kwa Kinyakyusa, "Ndaga," yaani asante, akarudia mara nyingi. Familia nasi tunawashukuru madaktari, wauguzi, usharika wetu, walimu waliotoka Mbeya na majirani wote mliokesha nasi.

Mwalimu Eveline ameacha mume, Bwana Lusekelo. Watoto wawili, Happy na Fred. Wajukuu watatu, Blessing akiwa mkubwa wao. Wadogo zake Benedicta na Shedrack. Na mama yake, Mama Damari, mwenye miaka themanini na tisa.

Mtakapofika kaburini mtaona kwamba kamba za kushushia jeneza si hizi za kawaida. Ni kamba ya nanga ya Kilolo, ambayo shemeji yetu aliifuata Tanga akairudisha kwa basi. Vijana wameshapangwa kuishika. Jana jioni Mama aliuliza swali moja zaidi, kama ncha mojawapo anaweza kuishika yeye. Tumemwekea kiti pale pembeni. Ameagiza kamba iachiwe polepole, wala isikatwe. Itakayobaki juu atakaa nayo.

Dada yetu, lala salama katika Bwana. Kamba ni ndefu, na mama ameishika.